Kioo cha Upande wa Mama

Jua la barabara ya Bwera kwenda Kasese halina adabu. Linakupata ukishapita Kinyamaseke na kuingia kwenye tambarare ya mbuga, ambako hakuna mti wa maana wala upepo wa kukuonea huruma, na tangu hapo linakaa nawe ndani ya gari kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Gari langu ni dogo, jeupe, la mtumba, na kipoza hewa chake kilikufa kabla sijalinunua. Muuzaji aliniambia kinataka gesi tu. Nimejaza gesi hiyo mara kadhaa na sasa nimeacha, kwa sababu uongo ukiuamini tena na tena unakuwa ujinga wako mwenyewe.

Mimi ningevumilia. Mama ndiye hakuweza. Moyo wake umepanuka, ndivyo daktari alivyotueleza, na katika safari ya kabla ya ile ninayotaka kuisimulia, tulipokaribia Kikorongo, nilimwita asiitike. Nilitazama kwenye kioo cha kati nikaona kichwa kimelalia bega, mdomo wazi, kitambaa kimelowa jasho. Nilisimamisha gari katikati ya mbuga, mahali ambapo mabango yanakataza mtu kushuka kwa sababu ya tembo, nikashuka, nikammwagia maji ya kunywa kichwani huku nikipiga kelele. Alizinduka akaniuliza kwa nini namlowesha.

Daktari wa moyo huja Kasese mara moja tu kwa mwezi, Jumamosi, na mchana akishamaliza anarudi zake Mbarara. Nilipomsimulia aliweka kalamu chini. Alisema joto kama lile likimpata mama tena, huenda nisimwamshe. Lakini kuacha kliniki nako ni kifo kilekile, ila cha mwendo wa polepole. Nilitoka pale na hasira ya kutojua nimkasirikie nani. Jua halishtakiwi.

Kwa hiyo niliamua kuweka tinti.

Fundi ana kibanda mjini Kasese, nyuma ya paki ya teksi, upande wa Nyamwamba, karibu na ninapoishi na kufundisha. Alinyunyizia vioo maji ya sabuni, akapachika utando mwembamba mweusi, akausugua kwa kipande cha mpira mpaka mapovu yote yakatoka, kisha akaukausha kwa mashine ya kukaushia nywele, ileile ya saluni.

"Madam, unataka ya katikati ama nyeusi kabisa?"

"Ile inazuia jua zaidi."

"Basi nyeusi. Weka mkono hapa. Sasa leta hapa."

Niliweka mkono nyuma ya kioo kitupu, kisha nyuma ya kile kilichokwisha kuvishwa, na tofauti yake ilinifanya nicheke kwa furaha. Lakini fundi alikuwa na sharti. Nisishushe kioo hata kimoja mpaka siku kadhaa zipite, maana gundi ilikuwa bado mbichi. "Ukishusha itakunjika," alisema, "halafu utaenda kutangaza fundi ni mwizi."

Nilijua askari wa barabarani hawapendi vioo vyeusi. Nilijiambia kwamba nikiulizwa nitamwonyesha mama, na mama mwenyewe ni ushahidi tosha. Nilichosahau kukifikiria ni Bwera. Sijui nilipasahau vipi, kwa sababu ni nyumbani, na msiba wenyewe ni wetu.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, alikuwa fundi wa simu. Miaka michache iliyopita, asubuhi, gari la vioo vyeusi lilisimama mbele ya kibanda chake pale Bwera. Wakashuka wanaume wenye nguo za kawaida, wakamwambia apande, akapanda. Hajarudi. Mpaka leo hatujui walikuwa nani wala walimtakia nini. Tumeuliza kila mahali mtu anapoweza kuuliza, na kila mahali tumeambiwa tuulize pengine. Walioshuhudia walikumbuka kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye antena ya gari lile. Mama siku hiyo alikuwa Kinyamaseke, kwenye meza yake ya ndizi na nyanya kando ya barabara, na jioni alipoelezwa habari ya kitambaa chekundu alisema neno moja tu: "Ilinipita." Zaidi ya hapo hakusema, na sisi hatukuthubutu kumuuliza. Matanga hatukukaa. Mama alikataa kumlilia mtu ambaye maiti yake hajaonyeshwa. Meza ya Kinyamaseke hakuirudia tena. Alihamia kuuza na kununua mpakani na Kongo, Mpondwe.

Tangu siku ile watu wa kwetu wana namna yao ya kupanda gari. Mtu hapandi kimya. Anasimama mlangoni, anataja kwa sauti anakwenda wapi na nani, na waliopo wanaitikia kwamba wamemwona. Hata gari likiwa la mjomba wake. Mgeni akisikia zile kelele anaweza kudhani watu wanaagana kwa mapenzi, kumbe ni mtu anajiweka machoni mwa wenzake ili asipotee bila shahidi.

Sasa fikiria mimi naingia Bwera jioni ya Ijumaa na vioo vyangu vyeusi. Kwenye njia ya kwenda kwetu watoto waliokuwa wakicheza mpira waliacha mpira ukaenda wenyewe mpaka mferejini. Mwanamke aliyekuwa akianua mihogo aliwavuta wanawe ndani na mihogo akaiacha. Muuza duka ambaye ananijua tangu sijaota meno alifunga mlango wa duka lake, na taa imewaka ndani. Nilisimama uani, nikafungua mlango, nikatoka. Nilisikia pumzi za watu zikirudi.

"Ni wewe?" jirani mmoja aliniuliza kutoka nyuma ya migomba, kwa Kiswahili cha mpakani. "Ni wewe njo unatuua roho hivi?"

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilijibu vibaya, nikasema gari ni langu na jua ni la wote, kama wao wanaogopa kivuli wakaloge jua lipungue. Baadaye, nikinawa uso, ndipo niliona aibu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi ndio tulioumwa.

Mama alikuwa ameketi barazani akichambua maharage, na macho yake hayakuligusa gari hata kidogo. Aliuliza habari ya shule, akaniambia nimekonda, akaniambia nakula kama kuku wa kizungu na bado nimekonda. Nikadhani tumevuka salama. Kisha binti wa jirani akapita akitoka bombani na dumu la maji. Alijiona kwenye kioo cha gari. Akatua dumu, akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakifunga upya akiinama kushoto na kulia, akajichekea.

Ungo wa maharage ulianguka. Mama alikuwa ameshafika uani, yeye ambaye huenda chooni kwa kupumzika njiani, ameshika ufagio.

"Toka apo! Toka ku kioo! Nani alikutuma kujitazama mule?"

Binti alikimbia na kuliacha dumu. Mama alibaki amesimama, kifua kinapanda na kushuka, mgongo wake kwa gari. Nilimshika mkono nikamrudisha barazani. Nilidhani anachukia gari lenyewe. Niliokota maharage punje kwa punje, nikijilaumu.

Nyumbani kwetu tulikulia katika Kiswahili. Baba, marehemu sasa, alikuwa askari aliyeletwa kambini Kasese kutoka kaskazini, na mama ni Mkonzo wa Mahango. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi wakakutana kwenye Kiswahili kibovu na kulea watoto humo. Cha baba kilikuwa cha amri. Cha mama kimejaa Kongo kwa sababu ya wateja wake wa mpakani. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, na yale ninayowakatia wanafunzi kwa wino mwekundu ndiyo lugha niliyonyonyea. Mama akitaka kuniumiza huniita mwalimu.

Asubuhi aliniita mwalimu kabla hata ya chai.

"Mwalimu, mimi siingii mu ile kitu. Nitaenda na pikipiki."

"Pikipiki mpaka Kasese? Na moyo huo?"

"Pikipiki iko na hewa."

"Pikipiki iko na jua lote la Mungu, mama! Daktari alisema nini?"

"Afazali jua. Jua ikiniua, batu banaona."

Nilimbembeleza. Nilimweleza gundi, utando, mkono wangu nyuma ya kioo. Nilifungua mlango aone viti ni vilevile, na kitenge chake ni kilekile alichokisahau humo mwezi uliopita. Alikaa tu. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya vilima, na kila dakika aliyonikatalia ilikuwa inachukuliwa na daktari wa Mbarara. Nikampigia mama yangu kelele. Nilisema kama anataka kufa afie hapo barazani, mimi nimechoka kumbeba mtu asiyetaka kubebwa. Maneno yalipotoka nilitamani kuyameza, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mama akajifunga kitambaa chake, akachukua mkoba.

"Ita batu," alisema.

Niliwaita. Walikuja wale wale wa jana, yule wa mihogo, muuza duka, binti wa dumu akiwa mbali. Mama alisimama kwenye mlango wa nyuma, upande wa kushoto, mkono mmoja juu ya paa, akasema kwa sauti ambayo sikujua bado anayo:

"Munaniona? Naingia mimi mwenyewe. Ninaenda Kasese, ku hospitali. Mutoto yangu wa kuzaa njo anaendesha. Munaniona?"

"Tumekuona, mama," waliitikia. Muuza duka aliongeza kwamba ameona na namba ya gari, na hakutania.

Akaingia. Nilipofunga mlango nilisikia alivyovuta pumzi, kama mtu anayetumbukizwa kwenye maji. Kabla sijazunguka kwenda kwenye usukani alikuwa ameshajifunika kitenge uso mzima.

Mgala muue na haki yake umpe: fundi hakunidanganya. Tulipita Kisinga jua likiwa kali, na ndani ya gari palikuwa na kivuli cha chumba chenye pazia. Lakini mimi sikukifurahia. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha kati kuliko barabarani, nikiuangalia ule uso wa kitenge, nikihesabu pumzi pale mdomoni ambapo kitambaa kilipanda na kushuka. Kikichelewa kupanda, moyo wangu ulisimama nao.

"Tumefika wapi?" aliuliza kutoka ndani ya kitenge.

"Funua uone, mama."

"Nitaona na nini? Humu ni giza."

"Si giza. Ni kivuli tu."

"Nilishaona hizi gari. Ni giza."

Sikubishana. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Tulipoingia Kinyamaseke sikumwambia, lakini alijua, labda kwa matuta ya barabara, maana aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti na akabaki hivyo. Sokoni watu walikuwa wamejaa. Nilipita polepole, na kama kule Bwera, niliona nyuso zikigeuka na mikono ikivuta watoto. Nilitamani kutoa kichwa nje nipige kelele kwamba ni mimi tu, na mama yangu mgonjwa. Lakini vioo havikuwa vya kushushwa, basi nikawapita kama walivyopitwa na wale wengine.

Kizuizi tulikikuta kabla ya Kikorongo. Si cha kila siku. Kulikuwa na magari kadhaa mbele yetu, na wachuuzi wa samaki na mahindi ya kuchoma walikuwa wameshapata habari na kuja na beseni zao. Zamu yetu ilipofika, askari aliyekuwa anapunga magari kivivu aliona vioo vyangu na uvivu ukamtoka. Alirudi hatua moja. Bunduki iliyokuwa begani ilikuja mikononi.

"We! Simama! Zima gari! Shusha kioo!"

Mimi ni mtoto wa kambi. Nililelewa nikijua kwamba mtu wa bunduki akisema shusha, unashusha. Lakini kichwani mwangu, sijui kwa nini, alikaa fundi wa tinti na sharti lake, na badala ya kushusha kioo nikafanya lile ambalo baba alinikataza tangu nikiwa mdogo. Nilifungua mlango.

"Rudi ndani! Rudi! Mikono juu ya usukani!"

Nilirudi. Mlango ulibaki wazi kidogo, joto likaingia. "Afande, tinti ni mpya," nilisema, "fundi alisema nisishushe, gundi haijakauka…" Nilijisikia ninavyosema upuuzi. Askari mwingine alikuwa ameshazunguka upande wa nyuma. Alikuwa kijana, mdogo hata kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha mwisho, na uso wake ulikuwa umeloa jasho, na niliona kwamba ananiogopa. Nami nilimwogopa zaidi kwa sababu hiyo.

"Ndani iko nani?" kijana aliuliza.

"Mama yangu. Mgonjwa. Tunaenda hospitali Kasese."

"Shusha kioo, nimesema! Yote!" alifoka yule wa kwanza.

Nilizungusha mkono wa kioo changu. Utando ulikunjika kama ngozi ya maziwa. "Na ya nyuma!" Kile cha nyuma sikukifikia. Vioo vya gari langu huzungushwa kwa mkono, na aliye karibu nacho alikuwa mama, kajifunika kitenge, hasogei.

"Mama," nilisema. "Mama, shusha kioo. Tafadhali."

Nilimwona yule kijana akiinua bunduki kidogo, upana wa kiganja tu, na nikatambua kwamba nimemtoa mama yangu barazani kwake, akiwa hai, nikamleta mpaka hapa. Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa na hofu tupu.

Kisha kile kioo kikaanza kushuka. Kilishuka kwa kukwamakwama, kikajikunja kona moja, na mama akafunua uso.

"Wabukire," alimwambia askari. Ni salamu ya asubuhi ya Kikonzo, na aliitoa kama anayemwamkia mteja.

Yule askari wa kwanza alikuja akainama, akamtazama mama, mkoba, kitenge. Alishusha bunduki.

"Mama, huyu ni nani yako?"

"Ni mutoto yangu. Iko na kichwa ngumu, lakini ni mutoto yangu."

"Mwambie aache gari ya giza. Mtu anaweza pigwa risasi bure." Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Madam, umetushtua." Akatuambia tupandishe vioo, tungoje gari la mbele lipite.

Mama alikuwa anapandisha kioo chake kile kidogo kidogo, macho wazi kwa mara ya kwanza tangu Bwera, wakati mchuuzi mmoja wa samaki alipotukaribia. Alikuwa mwanamke wa makamo, beseni kiunoni. Alitaka kutuuzia, lakini kioo kilipofika juu alijiona ndani yake. Akatua beseni. Akavua kitambaa chake, akakitikisa vumbi, akakifunga upya, na alipomaliza aliinama karibu kabisa, akatoa meno akatafuta kitu kilichonasa katikati yake, akajichekea. Uso wake na wa mama hazikutengana zaidi ya shibiri. Katikati kulikuwa na kioo tu.

Mama aliweka kiganja juu ya kioo.

"Huyu hanioni?"

"Hakuoni, mama. Kwa nje ni kama kioo cha kujitazamia. Anajiona mwenyewe."

"Lakini mimi namuona."

"Ndiyo."

"Mpaka meno namuona."

"Ndiyo, mama. Mtu wa ndani anaona kila kitu."

Askari alitupungia tuondoke. Nilitia gia. Tulikuwa tumeingia barabara kuu na kuiacha Kikorongo nyuma ndipo mama aliposema, si kwangu hasa:

"Kumbe batu ba ndani banaona."

Nilitazama kwenye kioo cha kati. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimwomba anywe maji, hakunywa. Nilikanyaga mafuta. Na pale katikati ya Muhokya na Kasese, gari likikimbia kuliko linavyoruhusiwa na umri wake, mama alinisimulia lile ambalo hakumsimulia mtu.

Gari lenye kitambaa chekundu halikumpita tu. Lilisimama. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara pale Kinyamaseke, na likasimama mbele ya meza yake, kioo cheusi usawa wa uso wake. Alikuwa ameuza vizuri asubuhi hiyo. Alijiona kwenye kioo, akaona kitambaa kimekaa upande. Akakivua, akakifunga vizuri, akajitazama, akajichekea kwa sababu alijiona bado mzuri. Ng'ombe wakaisha. Gari likaondoka.

"Miaka yote nilijituliza," alisema. "Nilisema, mule ni giza. Kaka yako hakuniona. Afazali hakuniona. Sasa wewe unaniambia aliniona. Nilikuwa mbele yake nacheka, na yeye beko naye mule ndani. Nilicheka na meno yote."

Nililia nikiendesha, na nililia kwa kelele, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha jambo lile, na nimemlipa fundi ili nimfundishe.

Daktari alikuwa ameshashika mkoba wake tulipofika. Aliuona uso wa mama, akautua mkoba. Walimlaza, wakampa dawa chini ya ulimi na hewa puani, na nilisimama ukutani mpaka jua likaanza kuegemea upande wa Kongo. Daktari alitoka akasema moyo umeshtuka sana lakini umetulia. Aliniuliza tumekuja na nini, safari hii joto halikumpiga. Nilimwambia ni tinti. Akanisifu.

Wakati wa kurudi nilisema nitaibandua njiani, kwa kucha zangu ikibidi. Mama alikataa. Alikaa mahali pake, kushoto nyuma, na hakujifunika. Alitazama nje njia yote, kila mtu, kila mbuzi, kama aliyetumwa kuhesabu. Kinyamaseke soko lilikuwa linafungwa. Nilitaka kupita haraka.

"Simama."

Nilisimama.

"Geuza gari. Ile ya kitambaa ilikuwa inaangalia Kasese."

Niligeuza gari likaangalia Kasese. Alinisogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka kioo chake kikawa sawa na nguzo ya kibanda kimoja cha kuuzia muda wa simu, pale ilipokuwa meza yake. Kisha akaniambia nishuke, nifunge mlango, nisimame mbele ya kioo chake.

"Funga kitambaa. Halafu cheka."

Watu wa Kinyamaseke walikuwa wanatazama. Nilivua kitambaa nikakifunga. Sikumwona mama. Nilijiona mimi tu, mkunjo wa tinti ukinikata shavu, na nyuma yangu barabara. Nilicheka kama ninavyocheka kwenye picha za pasipoti. Kutoka ndani kioo kikagongwa. Nikajua kicheko hakijatosha. Nilimkumbuka mama wa asubuhi ile, ameuza vizuri, amejiona mzuri, nikacheka tena na meno yote, machozi yakinishuka, mpaka nikaishiwa.

Nilifungua mlango. Mama alikuwa amekaa wima, kiganja chake bado kwenye kioo, pale uso wangu ulipokuwa.

"Umeona nini, mama?"

Alijifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Ukiwa ndani hujui kama anajitazama. Unaona mama yako amekukaribia, anakuchekea wewe." Akavuta pumzi, na safari hii ilitoka yote. "Basi kaka yako alienda na ile kicheko."

Nilibaki nimeshika mlango.

"Funga mulango," mama aliniambia. "Joto inaingia."